Datsun 240Z na Vipuri Vyake: Gari Lililodumu kwa Injini na Kuliwa na Kutu

Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili ambalo kampuni ya Nissan ililionyesha hadharani mjini Tokyo mwezi Oktoba 1969, lina historia mbili ambazo ni nadra kusimuliwa pamoja. Ya kwanza ni historia ya mauzo na mashindano, nayo imeandikwa mara nyingi. Ya pili ni historia ya vipuri vyake: vilivyotengenezwa kwa wingi, vilivyotupwa, vilivyoazimwa kutoka magari mengine, na hatimaye vilivyoanza kusakwa kwa gharama kubwa. Ni hii ya pili inayoeleza kwa nini anayefufua gari la 1971 hupata pistoni na gasketi mpya bila taabu, ilhali huweza kuhangaika kwa miezi akitafuta kipande cha plastiki cha ndani ambacho wakati gari likiwa jipya hakuna aliyekitia maanani.

Chimbuko la hali hiyo ni ubanaji wa matumizi wa tangu awali. Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya Nissan nchini Marekani, alitaka gari la spoti ambalo mfanyakazi wa kawaida angemudu kulinunua, na timu ya wasanifu iliyoongozwa na Yoshihiko Matsuo ilichora bodi yenye pua ndefu na mgongo ulioteremka kwa mlalo, ambayo haikuonyesha hata kidogo kuwa ilikusudiwa kuuzwa kwa bei nafuu. Bei ya Marekani ilipotangazwa kuwa dola 3,526, washindani wa Uingereza na Ujerumani walijikuta pabaya. Unafuu huo haukutokana na ufundi duni, bali na uamuzi wa kutumia tena vitu vilivyokwisha kubuniwa. Injini ya L24, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ilikuwa ya ukoo mmoja na injini ya silinda nne iliyoendesha saluni ya Bluebird, na kabureta zake mbili, yaani vyombo vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko kuingia kwenye silinda, zilitengenezwa na Hitachi kwa kufuata mfumo wa SU wa Uingereza. Japani kwenyewe, ambako gari liliitwa Fairlady Z, toleo la kawaida lilipewa injini ya lita mbili kwa sababu kodi ya magari ilipanda sana juu ya kiwango hicho.

Ukoo huo wa injini za L uliendelea kuzalishwa kwa miaka mingi na kutiwa katika saluni na pikapu, hata kuzaa injini ya dizeli, LD28. Hapo ndipo mafundi walipopata hazina ambayo wahandisi hawakuikusudia. Krankishafti, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko, husukuma pistoni za L24 kwa mwendo wa milimita 73.7, lakini ile ya LD28 huzisukuma kwa milimita 83, na kwa kuwa injini hizi ni ndugu, mhimili wa dizeli ya saluni ya kistaarabu ukiunganishwa na bloku ya L28 ya ukoo huohuo huzaa injini ya petroli ya lita tatu au zaidi kidogo. Giaboksi nazo zilifuata mkondo huohuo: magari ya Marekani yalipewa gia nne, na wenye magari wakaja kuyatia gia tano kutoka matoleo ya baadaye bila kubadilisha mengi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika simulizi hili, na si sehemu ya pembeni. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalikuwa yamekwisha kuipa Datsun ushindi wa mwaka 1970 kwa saluni ya 1600 SSS iliyoendeshwa na Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Ujerumani, akiwa na msomaji ramani wake Hans Schüller. Mwaka 1971 wawili hao walishinda tena, safari hii kwa 240Z, na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta ikawafuata katika nafasi ya pili. Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikumbwa na amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia, alishinda mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews katika 240Z, baada ya kulingana kwa alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya saluni, hata ikabidi mshindi aamuliwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Kwa kampuni iliyokuwa ikijitangaza kwa uimara, tope, mawe na vumbi la barabara hizo vilikuwa tangazo lililoshinda lolote la magazetini. Hata hivyo mafundi wengi wa ukanda huu walilijua jina la Datsun zaidi kupitia pikapu na saluni, kama 160J iliyokuja kutawala Safari kuanzia 1979, kuliko kupitia gari hili la spoti, ambalo daima lilikuwa adimu barabarani. Gari la ushindi la 1971 limehifadhiwa katika ghala la kumbukumbu la Nissan huko Zama, Japani, na mwaka 2013 klabu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo wanaojitolea ilirejesha hali yake.

Kilichostahimili Safari, hata hivyo, hakikustahimili maji yaliyotuama. Mabati ya bodi ya 240Z yalikuwa membamba, kinga yake dhidi ya kutu ilikuwa hafifu, na muundo wake uliacha mifuko mingi isiyo na njia ya kutolea maji. Sehemu za kwanza kuliwa zinajulikana kwa kila fundi wa magari haya: kitako cha betri, ambako tindikali hudondokea na kushuka hadi kwenye mhimili wa fremu ulio chini yake, sakafu ya miguuni, viunzi vya mabati vilivyokunjwa mithili ya mfereji na kuchomelewa chini ya sakafu hiyo, shimo la tairi la akiba, na ile pembe ndogo iliyo kati ya mlango na tairi la nyuma, ambayo kwa nje huweza kuonekana nzima chini ya puti na rangi huku ndani ikiwa imebaki chembechembe. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, yalikuwako magari yaliyofikia hali hiyo kabla ya kutimiza miaka kumi.

Urejeshaji wa bodi ya namna hii una utaratibu usiovumilia haraka. Kabla ya kukata chochote, fundi huchomelea vyuma vya muda kwenye uwazi wa milango, kwa sababu bodi isiyo na fremu ya kujitegemea hujikunja mara sakafu inapoondolewa, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri hautafunga tena. Kisha mabati yaliyooza hukatwa hadi pale chuma kizima kinapoanza, si hadi pale rangi nzuri inapoanza, na kipande kipya huchomelewa kwa nukta nukta zilizoachana ili joto lisipinde bati. Wachuuzi wasio waaminifu walijua njia fupi zaidi, nayo ni kupigilia bati juu ya kutu na kupaka lami, na idadi ya magari yaliyopita mikononi mwao ndiyo inayofanya kila mnunuzi makini aingie uvunguni na sumaku kabla ya kutoa pesa.

Sheria nazo ziliacha alama kwenye vipuri. Ili kutii kanuni za Marekani za moshi wa magari, matoleo ya mwaka 1973 yalipewa kabureta mpya zenye kifuniko bapa badala ya zile za mwanzo zenye vichwa vya mviringo, na kabureta hizo zikapata sifa mbaya, kwani petroli ilipata joto kupita kiasi ndani yake na injini ikawa inasitasita au kugoma kuwaka siku za jua kali. Wenye magari walizing'oa na kurudisha za zamani, mara nyingi kwa kuzinunua kutoka magari yaliyogongwa, kiasi kwamba mwenye gari la 1973 anayetaka liwe kama lilivyotoka kiwandani sasa hulazimika kutafuta kitu ambacho wenzake walikitupa kwa furaha. Kabureta za mviringo hazikosi maradhi yake pia: kijiti kinachobeba kipepeo cha hewa hulika baada ya miaka mingi ya kuzunguka, hewa hupenya pembeni, na injini hukosa utulivu ikiwa inanguruma papo hapo. Dawa yake ni kuchonga upya tundu na kutia bushi mpya, kazi ya mashine ya kukereza ambayo haihitaji kipuri chochote kutoka Japani.

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa zama za yadi za magari mabovu. Hasa California, ambako ukame huhifadhi bodi, 280ZX iliyozalishwa hadi 1983 iligeuzwa kuwa ghala la mtangulizi wake: alternata yenye kidhibiti umeme ndani yake, distribyuta ya kielektroniki isiyohitaji platini, na giaboksi ya gia tano. Werevu wa mafundi haukuishia kwenye ukoo wa Nissan. Iligunduliwa kwamba kalipa za breki za mbele za Toyota Hilux ya magurudumu manne, zenye pistoni nne kila moja, zinakaa kwenye 240Z kwa marekebisho madogo, na kwamba mpira wa mlango wa Kia Sportage ya kwanza hufunga vizuri kuliko mipira mingi iliyouzwa kama mbadala halali, ambayo ilikuwa minene hata mlango ukahitaji kubamizwa. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, asingeona ajabu katika hayo, maana kupachika cha gari hili kwenye lile ndiyo elimu yake ya kila siku. Tofauti ni kwamba huko Marekani wengi walifanya hivyo kwa mapenzi, si kwa kubanwa na mahitaji.

Nissan yenyewe ilijaribu kuingia katika kazi hii mapema kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 1996, gari la ukoo wa Z la wakati huo likiwa linaondolewa katika soko la Marekani, kampuni ilianza kununua 240Z za zamani, kuzikabidhi kwa karakana teule zizifumue na kuziunda upya, na kuziuza kupitia mawakala wake kwa takriban dola 25,000. Gharama ya kazi ilizidi mahesabu, na mpango ukafungwa kabla ya magari kufika hamsini. Ni haki kusema kwamba wazo lenyewe lilikuwa sahihi ila lilikuja miaka ishirini kabla ya wakati wake: mwezi Januari 2020 gari moja la 1971, lisilofanyiwa urejeshaji na lililotembea kidogo tu, lilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola 310,000.

Bei za namna hiyo zilibadilisha maana ya kipuri. Magari ya mwanzo, yaliyotengenezwa hadi mapema mwaka 1971, yana matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma na nembo ya 240Z kwenye nguzo ya pembeni, ilhali yaliyofuata yana nembo ya duara penye nguzo hiyo. Kwa hiyo mlango wa nyuma wa gari la 1970 si mlango tena bali ni ushahidi. Bolti na mabano yaliyotoka kiwandani na upako wa zinki wenye rangi ya manjano hufunguliwa moja moja, hupigwa picha, husafishwa na kupelekwa kupakwa upya, kwa kuwa bolti nyeupe ya dukani humfichua mrejeshaji mvivu. Dashibodi, ambayo ni sifongo iliyofunikwa ngozi bandia, hupasuka kwa jua karibu bila kukosa, na kabla ya kutengenezwa nakala mpya, njia zilizokuwapo zilikuwa kujaza nyufa au kuvisha gamba la plastiki juu yake. Bampa za chuma kisichoshika kutu hutoka katika karakana za Vietnam, zikiwa zimeng'arishwa kupita zile za asili, jambo ambalo wapenda usahihi hulihesabu kuwa kasoro.

Kiini cha uhaba wote huu ni kalibu, yaani vyuma vizito vinavyokandamiza bati au kufinyanga plastiki iwe na umbo linalotakiwa. Kalibu hula nafasi, hukaa mara nyingi kwa wakandarasi wadogo, na kiwanda kinapofungwa huishia kwenye chuma chakavu. Watengenezaji wa Japani walipoanza kurudisha vipuri vya magari yao ya spoti, Nismo ya Nissan ikianza na Skyline GT-R ya R32 mwezi Desemba 2017, Mazda ikirejesha Roadster ya kwanza pamoja na tairi na paa la turubai vya umbo la asili, na Toyota ikifuata mwaka 2020 kwa Supra, kila mmoja alianza na magari ambayo kalibu zake nyingi na wakandarasi wake walikuwa bado wanafikika. 240Z, iliyo kongwe kuliko yote hayo, imeendelea kutegemea zaidi watengenezaji binafsi. Mwezi Oktoba 2019 Nissan ilitangaza mbinu ambayo roboti mbili, moja kila upande wa bati, husukuma chuma kidogo kidogo kwa ncha zilizopakwa almasi hadi kipate umbo bila kalibu yoyote, na ikasema wazi kwamba vipuri vilivyokwisha kuachwa ni miongoni mwa vitu ilivyovikusudia, ingawa kasi ya kazi hiyo, inayoendana na idadi ndogo tu ya vipande, bado inauacha ubavu wa 240Z uliooza kuwa kazi ya fundi mwenye nyundo na mtungi wa gesi.