Bonde Lisilotajwa: Maadili ya Siri katika Uwindaji wa Elki kwa Upinde

Ukimwuliza mwindaji wa upinde wa Colorado alimwangusha wapi elki wake, aina ya kulungu mkubwa, atakujibu "milimani", na hatakuwa amesema uongo. Lakini ardhi anayoificha si yake. Sehemu kubwa ya misitu ya milima hiyo ni ya serikali ya shirikisho la Marekani, na wanyamapori hushikiliwa na jimbo kama amana ya wananchi. Mtu ana haki gani ya kuficha asichokimiliki?

Wengi, wakiitetea siri hiyo, hukimbilia kwa mwanaikolojia Garrett Hardin, aliyedai mwaka 1968 kwamba malisho ya wote huishia kuharibiwa na wote. Hoja hiyo haigusi kiini. Idadi ya elki hailindwi na siri. Hulindwa na vibali, misimu na mipaka ya vitalu. Kinachoharibika bonde likivuma ni utulivu wake. Mwenye bunduki aweza kufyatua kutoka ng'ambo ya korongo, ilhali mwenye upinde sharti amkaribie mnyama hadi mita 30 au 40, tena upepo ukimpiga usoni, kwa kuwa elki ana pua kali. Septemba, madume wanapolia kwa mluzi mrefu unaoishia kwa mikoromo, mwindaji huiga sauti ya jike au ya dume mpinzani. Wakiingia watu sita bonde lile lile, kila mmoja na filimbi yake, dume hunyamaza na kundi huweza kuhamia mashamba ya watu binafsi, ambako wengi wa hao sita hawaruhusiwi kukanyaga. Mahali pa windo, basi, kupatangaza ni kupamaliza. Hata aliyeambiwa hakuti kitu.

Hadi hapo naungana na wanaonyamaza. Naachana nao wanapodai kuwa siri hiyo ni malipo ya jasho lao. Jasho lipo, lakini wengine walionyeshwa bonde na baba au mjomba. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ila kata nyingine zimezaliwa mtungini. Isitoshe, tangu sheria ya Marekani ya Pittman–Robertson ya mwaka 1937, iliyopanuliwa baadaye hadi kwenye pinde na mishale, ushuru wa zana za uwindaji hugharimia uhifadhi. Mgeni anayefichwa bonde amechangia elki waliomo.

Wapo wanaoufananisha ukimya huu na kanuni za wanajamii za kutumia mali ya pamoja, alizozichunguza mtafiti Elinor Ostrom. Sikubali. Kanuni zile zilitungwa na watumiaji kwa pamoja. Ukimya huu kila mtu amejiwekea mwenyewe, na mgeni hakuulizwa.

Anachodaiwa mjuzi, kwa maoni yangu, ni elimu: kwamba mchana elki hulala kwenye mteremko wenye kivuli unaotazama kaskazini, kwamba madume hugaagaa kwenye madimbwi ya matope, kwamba hewa ya alfajiri hushuka bondeni na hupanda jua likishika. Hayo waweza kuwaambia watu elfu bila kumshtua mnyama hata mmoja. Bonde lenyewe nalo hutolewa, ila kwa miguu: unamchukua mgeni, mnakwenda pamoja, na anajua hatarudi na wenzake bila kukuuliza. Picha ya simu yenye kilele kinachotambulika nyuma ya pembe, ikiwekwa mtandaoni, haimfungi mtu kwa ahadi yoyote, nayo humfikia hata ambaye hakuwa akilitafuta bonde hilo.