Lorenzo Dow Turner na Lugha ya Wagullah

Katika historia ya watu weusi wa Marekani hutajwa sana mashujaa wa vita, wahubiri na wanasiasa. Ni wachache wamtajao Lorenzo Dow Turner, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1890 huko Elizabeth City, North Carolina, akafariki mwaka 1972. Yeye hakuongoza jeshi wala chama. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu wakinena, na kuyaandika aliyoyasikia. Lakini kwa kazi hiyo aliivunja hoja iliyokuwa imewaelemea watu wake muda mrefu, kwamba Mwafrika alipovushwa bahari alifika ng'ambo mikono mitupu, hana lugha, hana mila, hana kumbukumbu.

Wagullah wakaa katika visiwa na pwani za South Carolina na Georgia. Wazee wao waliletwa huko, hasa katika karne ya 18, walime mpunga, na baadaye pamba. Wenye mashamba walipenda kununua watu waliotoka sehemu za Afrika Magharibi zenye ujuzi wa kilimo cha mpunga. Wengine wengi walitoka Kongo na Angola. Nchi ile ya mabwawa ilijaa malaria, na Wazungu wengi waliihama wakati wa joto, hata mahali pengi watumwa wakawa wengi kuliko mabwana zao. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku tangu mwaka 1808, lakini magendo hayakukoma. Mwaka 1858 merikebu iitwayo Wanderer ilishusha watu wapatao 400 katika kisiwa cha Jekyll, Georgia, wengi wao wakiwa wametoka upande wa Kongo. Hivyo lugha za Afrika ziliendelea kupata wasemaji wapya, na visiwa vyenyewe vilikaa mbali na miji mpaka madaraja yalipojengwa katika karne ya 20.

Katika hali hiyo kilizaliwa Kigullah, lugha ambayo maneno yake mengi ni ya asili ya Kiingereza. Wataalamu wa kwanza waliisikiliza nusu nusu. Ambrose Gonzales, aliyetoa kitabu cha hadithi za Kigullah mwaka 1922, aliiona kuwa ni Kiingereza kilichoharibiwa na vinywa vya watu wazembe. George Philip Krapp, mwaka 1924, alishikilia kuwa ni mabaki ya Kiingereza cha kale, na kwamba cha Kiafrika humo ni kidogo mno. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na hukumu ya namna hii. Lugha yetu nayo imepata kuitwa Kiarabu kilichochuja, na watu waliohesabu maneno ya mkopo wasitazame ngeli wala viambishi vya kitenzi.

Turner hakuanza kama mtaalamu wa lugha. Alisoma Howard na Harvard, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1926, kwa uchunguzi juu ya fikra za kupinga utumwa katika fasihi ya Marekani. Mwaka 1929 alikwenda kufundisha wakati wa likizo huko Orangeburg, South Carolina, akawasikia baadhi ya wanafunzi wakisema kwa namna asiyoizoea. Umri wake ulikuwa wakaribia miaka arobaini, naye akakubali kuwa mwanafunzi tena. Akajifunza elimu ya matamshi, na mwaka 1936 akaenda London kusoma lugha za Afrika Magharibi. Alikuwa ameitambua kasoro ya waliomtangulia. Walikijua Kiingereza barabara, bali lugha za Afrika hawakuzijua; na mtu asiyekijua kitu atakitambuaje akikutana nacho?

Mwaka 1932 alikuwa akizunguka visiwani na mashine ya kunasia sauti. Alichokipata kwa wingi kilikuwa majina. Wagullah wengi walikuwa na majina mawili: moja la Kiingereza, la shuleni na la kuwapa wageni, na jingine la nyumbani, lililoitwa jina la kikapu, yaani la utotoni. Mgeni aliyejibiwa lile la kwanza aliondoka akidhani hakuna la pili. Turner, mtu mweusi mwenye subira, aliaminiwa akaambiwa yote mawili. Kitabu chake, Africanisms in the Gullah Dialect, kilichotoka mwaka 1949, kina majina na maneno yapatayo 4,000 aliyoyahusisha na lugha za Afrika, na sehemu kubwa ni majina ya watu. Wahenga wetu walinena, mwacha asili ni mtumwa. Hawa walifanywa watumwa kwa sheria, na asili yao hawakuiacha. Waliihifadhi nyumbani, mahali ambapo bwana hakuwa na haja ya kuuliza.

Maneno ya kila siku nayo yana ushahidi wake. Karanga ni guba, neno ambalo katika Kikongo na Kimbundu ni nguba. Kobe ni kuta, kama katika Kibambara. Kuwaambia watu wengi "ninyi" Mgullah husema una, na Waigbo husema unu. Neno la mwisho lina uzito wa pekee, kwa maana lugha huazima majina ya vitu kwa wepesi, lakini viwakilishi vya nafsi haviazimwi ovyo.

Si haki kumsifu Turner pasipo kuipima kazi yake. Jina fupi laweza kufanana kwa bahati tu na maneno ya lugha nyingi, naye mara nyingi aliorodhesha lugha kadhaa kwa jina moja bila kuchagua. Waliomfuata wametilia shaka baadhi ya asili alizozitaja. Lakini P. E. H. Hair, alipoipitia orodha hiyo mwaka 1965, aliona sehemu kubwa imetoka katika lugha za Sierra Leone, hasa Kimende na Kivai. Basi uhakiki uliipa hoja ya Turner mahali maalumu katika ramani.

Ushahidi ulio mzito kuliko yote ni wimbo. Katika miaka ya 1930, huko Harris Neck, Georgia, Turner alinasa sauti ya mama mmoja, Amelia Dawley, akiimba wimbo aliorithi kwa wazee wake, asijue maana yake. Ulitambuliwa kuwa ni wa Kimende. Miaka mingi baadaye watafiti waliupeleka Sierra Leone, na katika kijiji cha Senehun Ngola wakamkuta mwanamke aliyeujua, kwa kuwa wanawake wa kwao waliuimba penye kaburi la marehemu. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, alifika kijijini hapo na kupokelewa kama ndugu.

Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilitenga pwani ya Wagullah kuwa eneo la urithi wa taifa. Sahani za Turner zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na nyingine alizozinasa Bahia, Brazili, mwaka 1940 na 1941. Kwetu sisi tukusanyao maneno, lililo kubwa ni hili, kwamba wimbo ule ulirudi kwao kwa sababu mtu mmoja aliuandika kabla mwimbaji hajafa. Majina ya nyumbani na nyimbo za matanga ziko hata katika vijiji vyetu, na wenye kuzijua ni wazee.