Chali, Macho Juu: Mbio za Mgongo na Maji ya Lualaba

Mwogeleaji wa mgongo huanza mbio akiwa tayari amelowa. Wenzake wa mitindo mingine hujirusha kutoka jukwaani. Yeye huingia majini kwanza, hushika vyuma, hukunja magoti ukutani, kisha hujitupa kinyumenyume kuelekea asikokuona. Ndivyo alivyoanza Pieter Coetze wa Pretoria katika mashindano ya dunia ya Singapore, Julai 2025, akamaliza mita 100 kwa sekunde 51.85. Thomas Ceccon wa Italia, bingwa wa Olimpiki na mwenye rekodi ya dunia, aliachwa kwa sekunde 0.05. Habari hiyo inastahili kusomwa Mutoshi, kandokando ya Kolwezi, jimboni Lualaba nchini Kongo, maana historia ya mbio hizi ni historia ya nani alijengewa bwawa na nani hakujengewa.

Kiswahili kinatumia neno moja, bwawa, kwa maji yaliyozuiwa mtoni ili yazalishe umeme na kwa maji ya kuogelea. Kongo watu huazima Kifaransa kuyatenganisha: la umeme ni baraji, la kuogelea ni pisini. Tofauti hiyo ina uzito wake Lualaba, kama tutakavyoona.

Mwanzoni waogeleaji wa Olimpiki hawakuwa hata na pisini. Olimpiki za Paris za mwaka 1900 ziliogelewa katika mto Seine, na Mjerumani Ernst Hoppenberg akashinda mita 200 za mgongo. Wakati huo watu walivuta mikono yote miwili kwa pamoja na kupiga miguu kama chura aliyepinduliwa. Stockholm, mwaka 1912, Mmarekani Harry Hebner alishinda kwa kupokezana mikono, mmoja baada ya mwingine, na mtindo wa zamani ukaanza kufifia. Paris iliporudishiwa michezo mwaka 1924, mashindano yalihamia kwenye bwawa la mita 50 lenye kamba za kutenganisha njia. Hapo mchezo ulipata nyumba.

Mbio za mgongo zilihitaji nyumba hiyo kuliko mbio nyingine zote. Anayelala chali haoni mbele. Hutegemea kamba za pembeni, na mita 5 kabla ya ukuta hupita chini ya bendera ndogo zilizotundikwa juu ya maji. Akiziona, huanza kuhesabu mikono mpaka ukuta. Mtoni hakuna bendera. Mtoto wa mtoni anaweza kujifunza kupiga mbizi, kuvuka, hata kushindana na mkondo, ila mbio za mgongo hatazijulia huko.

Baada ya hapo mataifa yenye mabwawa yakapokezana enzi. Mwaka 1932, huko Los Angeles, Wajapani walitwaa medali zote tatu. Roland Matthes wa Ujerumani Mashariki alishinda mbio zote mbili za mgongo katika Olimpiki za 1968 na za 1972, na mashindano ya kwanza ya dunia yalipofanyika Belgrade mwaka 1973, alikuwa bingwa tena. Kwangu mimi huyo ndiye fundi mkuu wa mtindo huu.

Seoul, 1988, palitokea mapinduzi. Mmarekani David Berkoff alionyesha kwamba chini ya maji, kwa mateke ya pomboo, mwili huenda kasi kuliko juu. Katika mchujo alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 54.51, zaidi ya nusu ya urefu wa bwawa akiwa amezama. Kwenye fainali Mjapani Daichi Suzuki naye alizama mbali, akaibuka, akamshinda kwa 55.05. Wakuu wa mchezo wakaingilia kati: mwogeleaji asizidishe mita 10 chini ya maji, baadaye wakaongeza hadi 15. Walifanya vyema, la sivyo tungebaki tukitazama bwawa tupu.

Afrika ilikuwa wapi? Joan Harrison wa Afrika Kusini alishinda mita 100 za mgongo za wanawake Helsinki mwaka 1952. Mwaka 1965, huko Blackpool, mwenzake Karen Muir alivunja rekodi ya dunia ya yadi 110 za mgongo akiwa na miaka 12. Huyu alitoka Kimberley, mji wa almasi, ulio maarufu kwa shimo kubwa lenye maji chini yake. Hakuogelea Olimpiki hata mara moja, kwa kuwa nchi yake ilifungiwa kwa ajili ya ubaguzi wa rangi. Haki ilikuwa upande wa waliofunga mlango: sheria ya 1953 ilitenganisha hata mabwawa ya kuogelea, na mtoto mweusi wa mji uleule hakuruhusiwa kuingia alimojifunzia Karen. Kwa wanaume, ilibidi kusubiri hadi mwaka 2007, Gerhard Zandberg aliposhinda mita 50 za mgongo katika mashindano ya dunia ya Melbourne kwa sekunde 24.98.

Lualaba nayo ni nchi ya mashimo. Mutoshi, ambao wazee waliujua kwa jina la Ruwe, ni mgodi ulioanza enzi za ukoloni. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga miji ya shaba iliyogawanywa kwa rangi, na pisini ikawa starehe ya Wazungu. Miaka ya 1950 kampuni hiyo ikazuia mto Lualaba pale Nzilo ili mitambo ipate umeme. Basi baraji ilikuwepo, kubwa kama ziwa, kwa ajili ya shaba. Leo mvua zikinyesha, mashimo ya wazi hujaa maji, na watoto wameonekana kwa miaka mingi wakiosha mawe ya kobalti mitoni na maziwani. Maji wanayajua kama mahali pa kazi, na kama hatari.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Wanaokaa kwenye kamati za fedha hizo, baada ya visima, shule na zahanati, waandikeni pisini moja ya mita 25 kwa watoto wa Mutoshi, na bendera zake mita 5 kutoka ukutani.