Kangomba na Maneno Mengine ya Msimu

Uchumi unaoibukia ni istilahi changa. Mwaka 1981 Antoine van Agtmael, mchumi wa Kiholanzi aliyekuwa katika tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, alitafuta jina la kuwavutia wenye mitaji waliokuwa wakiikimbia "dunia ya tatu", akazua "masoko yanayoibukia". Sisi tukaipokea kwa kitenzi kuibuka. Huko Kitaya, kata ya bonde la Ruvuma upande wa Mtwara, mto ukiwa umekaribia bahari, kuibuka kunaeleweka vizuri. Kiboko akiibuka, aliye kwenye mtumbwi anajua kwamba alikuwepo chini ya maji muda wote. Na biashara ya Kitaya ilikuwepo kabla ya benki na takwimu kuiona. Ina maneno yake, na maneno hayo yanasema mambo ambayo istilahi za ofisini bado hazijayatamka.

Nianze na uchumi wenyewe. Neno limetokana na kuchuma. Karafuu huchumwa, kahawa huchumwa, chai huchumwa. Korosho haichumwi, huokotwa. Bibo likiiva hudondoka na korosho yake ikining'inia kitakoni, na mwokotaji huinama chini ya mkorosho, akatenga korosho na bibo. Bibo litakamuliwa liwe uraka, pombe yake, na korosho itaanikwa. Huwezi kuuharakisha mti kwa kuutikisa, kwani korosho changa haina bei. Kinachobaki ni kungoja. Kwa hiyo mambo mengi ya biashara ya kusini ukiyafuatilia hadi mwisho unakuta ni habari ya muda: nani anaweza kungoja, nani hawezi, na asiyeweza anamuuzia nani.

Hapo ndipo inapoingia kangomba. Ni jina la biashara na jina la mtu anayeifanya, na sikio la Mswahili linasikia mwanzoni mwake ile ka- ya udogo. Kangomba hununua korosho kwa mkulima nje ya utaratibu, mara nyingi kabla msimu haujafunguliwa, kwa kipimo chake mwenyewe badala ya mizani, na kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mnada. Kisha huipeleka ghalani kwa jina lake au la mtu mwingine na kulipwa bei kamili. Katika hotuba za viongozi huyu ni mwizi. Kwa mkulima aliyemwendea mwezi wa nane, ada ya mtoto ikidaiwa, salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga haijatosha na debe la unga liko karibu kuisha, ni mtu pekee kijijini mwenye fedha taslimu siku ile.

Sitetei kipimo chake. Bakuli linalojazwa kilo na robo na kuhesabiwa kilo ni wizi, na sheria ina haki ya kuuita hivyo. Ila ndani ya kangomba kuna mambo mawili yaliyofungwa kwa jina moja: kupunja kwa kipimo, na kukopesha. La kwanza lilistahili jina la kosa. La pili ni huduma ambayo msimu wa korosho hauwezi kwenda bila yake, na kwa kuwa halikupewa jina lake, likabebeshwa jina la mwenzake. Kagera wana butura, kuuza kahawa ikingali maua au ikingali changa mtini. Nayo imelaaniwa majukwaani mwaka hadi mwaka, nayo bado ipo. Mwaka 1983, katika vita ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, neno lilikuwa mlanguzi. Kila kizazi cha siasa hutupa jina la mtu wa kati, na jina hilo huwa la adui. Wala halijapatikana jina rasmi la nafasi anayoijaza, ule muda kati ya mahitaji ya mkulima na malipo ya mazao yake.

Lipo neno la zamani zaidi linaloukaribia ukweli huo: rehani. Mwenye mikorosho, akiwa na shida, humkabidhi mwenye fedha miti kadhaa, aokote yeye kwa msimu hadi deni litakapolipwa. Rehani ina heshima ya kisheria ambayo kangomba hana, ingawa mahitaji yanayowapeleka watu huko ni yale yale. Mengi yake ni ya kijamii. Kumcheza mwali, jando na unyago, ni gharama kubwa kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, na hakuna mama anayetaka ngoma ya mwanawe iwe ya aibu. Mkorosho nao umeigusa familia yenyewe. Kwa desturi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli katika mali ya wapwa. Lakini mkorosho ni mti wa miaka mingi, na aliyeupanda kwa mikono yake hutaka kuwaachia wanawe. Mti ulioletwa pwani hii na Wareno kutoka Brazil ukaanza kuvutana na mjomba juu ya urithi. Mwanauchumi anayeandika "mila" kama kikwazo cha biashara, ningemwomba akae chini ya mti mmoja kama huo na kuuliza ni wa nani.

Serikali kwa upande wake ilileta maneno yake. Baada ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, korosho ya Mtwara iliingia katika utaratibu huo msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, inapimwa, anapewa risiti. Mzigo huenda ghala kuu, stakabadhi hutolewa, wanunuzi huweka bei zao, na wakulima hukaa kuamua kuuza au kukataa. Vyama vikuu, MAMCU kwa Mtwara na Masasi, TANECU kwa Tandahimba na Newala, husimamia. Stakabadhi ni neno zuri. Asili yake ni ya Kiarabu, na kwa muda mrefu tumelitumia kwa karatasi inayothibitisha kwamba kitu kimepokelewa. Na ndicho kinachotokea kweli: mzigo umepokelewa. Fedha bado. Kati ya kupokelewa mzigo na kuingia fedha benki ndipo linapoishi neno jingine la kitaalamu, mjengeko wa bei: orodha ya tozo na gharama, za chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji na magunia, zinazotolewa kwenye bei ya mnada kabla haijamfikia mkulima. Mkulima halitamki mjengeko. Yeye husema makato. Ofisi imechagua neno la kujenga na kijiji kimechagua neno la kukata, nao wanaizungumzia karatasi moja.

Kwa mpango wa zamani wa vyama palikuwa na malipo ya kwanza, ya pili, na baada yake, bei ikiwa imepanda, malipo yaliyoitwa majaliwa. Jina hilo linanigusa kila nikilisikia. Ziada ya jasho la mtu imepewa jina la kile Mungu alichomjalia, kana kwamba haikuwa haki yake. Na waliolipokea wengi walilisema kwa unyenyekevu wa kweli, kwa sababu walizoea kutolipata.

Mwaka 2018 ulikuwa mtihani wa maneno yote haya kwa pamoja. Msimu uliotangulia uzalishaji ulivuka tani 300,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa nchini. Katikati ya mwaka Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyoondoa mgawo wa ushuru wa kusafirisha korosho ghafi uliokuwa ukirudi kuendeleza zao. Minada ilipofunguliwa bei zikaja chini, na wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mawaziri wawili walikuwa wameondolewa, Bodi ya Korosho ikavunjwa, malori ya jeshi yakaingia barabarani. Likaja neno jipya: uhakiki. Kila aliyeleta mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake, ili kangomba asilipwe. Lengo lilikuwa kumlinda mkulima. Lakini uhakiki huchukua muda, na muda ndio hasa ambao mkulima hakuwa nao. Wengi walikaa miezi wakisubiri fedha, na katika kusubiri huko walikopa, na wa kumkopa alikuwa yule yule anayesakwa. Mwaka 2019, akiwa ziarani Mtwara, Rais akatangaza kuwasamehe kangomba na kuagiza nao walipwe. Ni tukio adimu katika historia ya msamiati wa biashara yetu. Mchuuzi aligeuzwa mkosaji kwa tamko na akasamehewa kwa tamko, na katikati ya matamko hayo mawili hakuna lililobadilika katika sababu zilizomfanya awepo.

Kusini imewahi kuipa nchi nzima neno la biashara. Wamachinga ni kabila dogo la Lindi, na vijana wa Lindi na Mtwara walipokwenda Dar es Salaam kuchuuza bidhaa mikononi wakaitwa kwa jina hilo, hadi leo kila mchuuzi wa barabarani, awe Mnyakyusa au Msukuma, ni machinga. Wapo wanaolifasiri kwa hadithi ya Kiingereza, "marching guys", vijana wanaopiga mguu kama askari. Hadithi hiyo inachangamsha, lakini inawafuta Wamachinga wenyewe. Neno linatukumbusha kwamba kabla ya gesi na saruji, mauzo makuu ya kusini nje ya korosho yalikuwa watoto wake.

Gesi nayo ilikuja na neno lake, la kufurahisha: Mtwara kuchele. Ni Kimakonde, maana yake kumekucha. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini kuchele lilisikika kwa nguvu baada ya 2010, viwanja vikipanda bei na wageni wakijaza nyumba za kulala wageni. Halafu serikali ikatangaza bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi Mei 2013 mitaa ya Mtwara ikaitikia kwa maneno mawili: gesi haitoki. Damu ikamwagika. Bomba lilikamilika mwaka 2015, na mwaka huo huo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa Mtwara. Waliopiga kelele waliitwa wasioelewa uchumi. Mimi naamini walielewa vizuri. Walichokuwa wakiuliza ndicho anachouliza mwokota korosho: kilichotoka hapa kitarudi lini, na kwa jina gani?

Kitaya ilikuwa na soko lisilohitaji istilahi. Ng'ambo, ambayo kwa watu wa mjini ni Ulaya, huku ni Msumbiji, unayoiona kwa macho. Ndugu wamegawanywa na mto, lugha moja, harusi za pande zote mbili, mpunga, samaki, nguo na sukari vikivuka kwa mtumbwi. Vitabu vya forodha huita sehemu ya biashara hiyo magendo. Oktoba 2020 wavamizi wenye silaha waliotokea Cabo Delgado, mkoa wa ng'ambo ya mto, waliishambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Watu walihama kuokoa maisha, na mto uliokuwa njia ukawa wa kulindwa. Ripoti za uwekezaji huyaandika mambo kama haya chini ya kichwa "hatari za kisiasa". Kwa aliyekimbia akiacha mpunga shambani, ni jina dogo mno kwa jambo lenyewe.

Sasa kuna neno linalotembea kutoka Dodoma kuja kusini: kongani, yaani viwanda vilivyokusanywa mahali pamoja. Kongani ya viwanda imepangwa Maranje, katika Halmashauri ya Mji Nanyamba, ili korosho ibanguliwe hapa. Kubangua nalipenda. Ni kitenzi ambacho korosho imekifanya kuwa chake, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza vidole na kazi yake haifanani na ya kumenya. Miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vya kubangua kwa mikopo ya Benki ya Dunia, wakati ule ule vijiji vikihamishwa na watu wakitenganishwa na mikorosho yao. Uzalishaji ukashuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na viwanda vikakosa cha kubangua. Sehemu kubwa ya korosho yetu imeendelea kuondoka ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam.

Oktoba 2024, minada ikiendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, bei ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Furaha ilikuwa ya haki. Bei hiyo aliipata aliyekuwa na korosho ghalani siku ile. Aliyekwisha kuiuza mwezi wa nane hakuipata, na jina la aliyeipata kwa niaba yake tunalijua. Kongani ikijengwa itahitaji mzigo wa mwaka mzima, na wenye viwanda watalazimika kununua mapema, kuhifadhi, na kutoa fedha kabla ya msimu. Watakuwa wanakopesha. Wakati huo itabidi sheria, chama cha msingi na benki wakae waamue kazi hiyo inaitwaje, mizani yake ni ipi, na riba yake ni kiasi gani.