Jina la Khanga Dirishani: Habari za Pazia la Mpanda

Neno dirisha tulilipokea kutoka Kiajemi, lugha ambayo asili yake humaanisha mlango mdogo. Nyumba ya msonge ya huku bara haikuwa na haja nalo: mwanga uliingia palepale alipoingia mwenyeji.

Nguo ilifika kwa wingi kabla ya madirisha. Misafara iliyopita Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika ilibeba merikani na kaniki, ikalipia hongo na chakula. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Nguo ikiwa ndiyo fedha, nani angeitundika ukutani? Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Wabelgiji kule Karema. Mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Misheni, reli na mgodi vilileta nyumba za vyumba, na vyumba vikaleta jambo jipya: kuonwa na mpita njia.

Hapo khanga ikapata kazi ya pili. Washairi wanajua viungo vyake: pindo, mji na jina. Kila upande wa doti una mapana ya mita moja na nusu hivi na kimo cha mita moja na ushei, basi doti moja ilitosha madirisha mawili mafupi. Taabu ilikuwa jina. Maandishi yana upande mmoja wa kusomeka. Jua likipenya, upande wa pili huyaona kinyume. Ukielekeza jina nje, umempigia jirani kijembe mchana kutwa. Ukilielekeza ndani, mgeni anakaa sebuleni akijiuliza kama ni yeye anayesemwa.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mpya, na nguo ilikuwa adimu kama sukari. Tulipata doti moja. Mke wangu aliipima, akaitazama nyumba ya jirani, kisha akapandisha pindo la chini mpaka likafunika jina, akalipiga bandi. Asubuhi jua lilipopita katika nguo maradufu, herufi zilijitokeza kama kivuli. Ni sisi wawili tu tuliojua zinasema nini.

Siku hizi sokoni Mpanda utashonewa mapazia ya marinda, na nyuma yake kitambaa chepesi ambacho wauzaji hukiita shia. Lugha yetu ilikuwa na shashi na melimeli kwa nguo nyembamba za namna hiyo. Mafundi ninaowauliza hawayajui maneno hayo, na siwalaumu. Hata vitabu tulivyofundishia havikuyataja. Mapazia hayo ni mazuri, ila hayana jina, na sijui mshairi atayasoma vipi.

Letu lilifumuliwa bandi alipozaliwa mtoto wetu wa pili. Mji ulikuwa umepauka kwa jua, lakini lile pindo lililokunjwa lilihifadhi wekundu wake, na jina likasomeka lote. Mama yake akambebea mgongoni.