Karabai za Nyanza-Lac

Bibi yangu alikulia Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku wavuvi wakiwasha karabai, anasema, ziwa lilikuwa kama mji mwingine. Asubuhi watoto wanatumwa ufukweni kununua ndagala (sisi huku Katumba tunasema dagaa). Kiswahili alikiokota hapo hapo sokoni, si shuleni.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ukaanza, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua Watutsi. Halafu jeshi la Micombero likaua Wahutu wengi mno, nchi nzima, hata wanafunzi. Familia ikavuka kwa mtumbwi hadi Kigoma.

Mwaka 2008 bibi alirudi kuangalia. Michikichi ya baba yake ilikuwa bado imesimama, ila shamba lina mwenyewe mwingine. Akaihesabu, akarudi Katumba.