Protini MYC katika limfoma ya Burkitt

Protini MYC ni protini ya kiini cha seli inayosaidia kuamua wakati wa seli kugawanyika. Ikizalishwa bila kipimo huchangia saratani mbalimbali, hasa limfoma ya Burkitt. Hii ni saratani ya seli nyeupe za damu ambayo katika Afrika ya Mashariki huwapata zaidi watoto na mara nyingi huonekana kwanza kwenye taya.

== Kazi ya MYC ==
Katika mwili wenye afya, MYC hushikamana na DNA na kuwasha jeni zinazohitajika ili seli ikue na kugawanyika. Kazi ikiisha, protini hiyo huvunjwa upesi.

== Hitilafu ==
Jeni ya MYC iko kwenye kromosomu ya 8. Katika limfoma ya Burkitt, kipande chenye jeni hiyo hukatika na kuhamia kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, karibu na jeni za kingamwili. Jeni hizo hufanya kazi mfululizo katika seli B, hivyo MYC nayo huzalishwa bila kukoma. Idadi ya seli za uvimbe inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2.

Malaria ya mara kwa mara huchochea seli B kugawanyika sana, na virusi vya Epstein-Barr husaidia seli zenye hitilafu kuendelea kuishi.

== Historia ==
Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakipitia hospitali mbalimbali. Waligundua kwamba ugonjwa ni wa sehemu zenye joto na mvua, na ni nadra kwenye miinuko yenye baridi. Virusi vya Epstein-Barr vilitambuliwa mwaka 1964, na uhusiano na jeni ya MYC ulithibitishwa mwaka 1982.

== Mbulu na Hanang ==
Sehemu kubwa ya wilaya hizi za Mkoa wa Manyara iko juu ya mita 1500, lakini bonde la Yaeda na maeneo ya karibu na Ziwa Eyasi yako chini zaidi. Kwa hiyo kuishi mlimani si sababu ya kupuuza dalili.

== Dalili na tiba ==
Dalili ni taya kuvimba haraka, meno kulegea bila kuoza, jicho kutokeza au tumbo kujaa. Kung'oa meno hakutibu ugonjwa huu, bali huchelewesha tiba. Mtoto apelekwe hospitali mapema, kwa mfano Haydom wilayani Mbulu. Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima kipande cha uvimbe, na tiba ya saratani hupatikana katika hospitali za rufaa kama KCMC (Moshi), Bugando (Mwanza) na Muhimbili (Dar es Salaam).

Bado hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzuia MYC yenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa seli hizi hugawanyika haraka, huathiriwa sana na dawa kama saiklofosfamaidi. Watoto wengi wanaoanza tiba mapema na kumaliza mizunguko yote hupona. Uvimbe kupungua baada ya dozi ya kwanza si ishara ya kuacha dawa.